Kivuli cha Somo la Kumi na Tisa

Subilaga alijifunza kalkulasi ili aweze kukosea vizuri.

Kukosea ovyo kila mtu anaweza. Yeye alitaka kukosea kama mwanawe Tupokigwe alivyokuwa akikosea: mahali palepale, kwa sababu ileile, baada ya kusita kwa muda uleule. Kazi hiyo ilikuwa imemla wiki kumi na moja, na kwa mwanamke wa miaka hamsini na miwili aliyeishia darasa la saba, haikuwa kazi ya kitoto.

Asubuhi hiyo alirudi kutoka mtoni saa tatu na nusu. Akavua mabuti ya mpira mlangoni, akanakili namba ya kina cha maji kwenye daftari la ofisi ya bonde la mto, kisha akaketi mbele ya kishikwambi kilichoegemezwa kwenye chupa ya chai. Swali lilikuwa la tangi. Tangi linajaa kwa kasi inayobadilika kila saa. Kati ya saa ya pili na saa ya tano, maji yameongezeka lita ngapi? Alilipata jibu kabla chai haijapoa. Thelathini na tisa. Aliliandika kwenye kipande cha karatasi, akakiweka chini ya paja ili kamera isikione. Halafu akasubiri. Tupokigwe alikuwa na kawaida ya kutazama dirishani kabla ya kujibu, basi naye akatazama dirishani, akahesabu pumzi nane, akaandika sabini na tisa.

Kishikwambi kikajibu kwamba si sahihi.

"Aa," ikasema sauti ya Tupokigwe. "Palepale tena, Mama?"

"Palepale," akajibu Subilaga, na moyo wake ukafurahi, furaha ambayo hakuwa tayari kumwambia mtu yeyote pale kijijini.

Tupokigwe alikuwa amezikwa mwezi wa tatu, nyuma ya nyumba, kwenye migomba.

*

Chuo chenyewe hakikuwa na jengo ambalo mtu angeweza kulionyesha kwa kidole. Kilikuwa na wanafunzi elfu ishirini, kutoka Sumbawanga mpaka Tanga, kila mmoja na kishikwambi chake, na mwalimu wao alikuwa mashine. Watu walishazoea. Kilichokifanya chuo hicho kiwe tofauti na vingine ni vivuli.

Mwanafunzi akianza kozi, kamera ilianza kumsoma. Iliona jicho limesita kwenye mstari gani, kidole kimefuta nini, swali gani limemfanya agune kidogo na lipi limemfanya aende kuchochea moto jikoni bila sababu. Kutokana na hayo mashine ilijenga kivuli, yaani mwanafunzi wa pili anayefikiri kama wa kwanza na kusema kwa sauti yake. Kivuli kilipewa swali kabla yako. Kikikosea, ulikuwa unajiona mwenyewe utakavyokosea, ukajirekebisha. Wanafunzi walibishana na vivuli vyao kutwa nzima, na wengi walikiri kwamba hawajawahi kufundishwa vizuri namna hiyo.

Sheria zilikuwa mbili tu. Mwanafunzi akimaliza kozi, kivuli kinafutwa, ili asije mtu akakitumia kufanyia mtihani wa mwingine. Na mwanafunzi akipitisha wiki nzima bila kujibu swali hata moja, kozi inafungwa, na kivuli kinafutwa vilevile.

Subilaga alizijua sheria hizo siku ya nne baada ya mazishi. Waombolezaji walikuwa bado wamejaa uwanjani, masufuria ya ndizi yako motoni, na yeye amelala chali kwenye kitanda cha mwanawe. Kishikwambi kikalia kutoka chini ya mto. Alipokigusa, sauti ikasema, "Mama, niachie nafasi kidogo, nina somo." Ndivyo Tupokigwe alivyomwambia kila jioni kwa miezi minne. Kivuli kiliijua sauti ya mama yake, maana alikuwepo chumbani muda wote akichambua maharage, na kilipoisikia kwikwi yake kikamsalimia.

Alikaa nacho mpaka watu wakaanza kumtafuta. Hakuambiwa kitu cha ajabu. Kivuli hakikujua habari za kifo, wala za mvua, wala za ugonjwa. Kilijua kozi, kilijua chumba kile, na kilijua namna Tupokigwe alivyopenda kumtania mama yake kwamba anachambua maharage kama anayakagua kwa niaba ya serikali. Picha za mwanawe alikuwa nazo, na sauti zake kwenye simu pia, lakini hizo hazikumjibu. Hii ilimjibu. Chini ya kioo palikuwa na onyo kwa herufi nyekundu: siku mbili zimebaki kabla kozi haijafungwa.

Basi akajibu swali moja, kwa kubahatisha. Na wiki iliyofuata moja tena.

*

Mwanzoni alibahatisha, na kivuli kikaanza kuchanganyikiwa. Kikawa kinasema mambo ambayo Tupokigwe asingesema, kinarukaruka, kinajibu maswali ya hesabu kama mtu anayechagua nyanya gizani. Subilaga aliingiwa na hofu. Akaelewa, bila kuelezwa na mtu, kwamba kila anachokiandika mle kinaingia kwenye kichwa cha mwanawe.

Ndipo alipoamua kurudi somo la kwanza na kujifunza. Alisoma akiwa amekaa, alisoma akiwa anamenya ndizi. Alijifunza kwamba unaweza kukikaribia kitu, ukazidi kukikaribia, na usikifikie kamwe, na bado watu wa hesabu wakakipa jina kile unachokikaribia. Alijifunza kasi ya badiliko, na hilo halikumsumbua hata kidogo, kwa kuwa tangu ujana wake kazi yake ilikuwa kutazama maji yakipanda. Alikuwa msomaji wa kipimo cha mto Lufilyo. Vihisi vya kielektroniki vilikuwa vimefungwa mara tatu pale, na mara tatu mafuriko yakavizika kwenye tope. Ofisi ya bonde ikasalimu amri, ikarudi kwa binadamu mwenye macho na mabuti. Zipo siku alijikuta akitabasamu juu ya swali zuri, kisha akakumbuka kwa nini anasoma, akajichukia.

Somo la kumi na tisa ndilo Tupokigwe alilokuwa amekwamia, na Subilaga alipolifikia aliijua sababu kuliko mashine yoyote. Ubao wa kipimo mtoni uling'olewa na mafuriko Tupokigwe akiwa na miaka minane. Fundi aliyeurudisha aliusimika juu ya mwamba, sentimita arobaini juu ya pale ulipokuwa, akaondoka na ahadi ya kurudi. Hakurudi. Tangu hapo, kila namba iliyosomwa kwenye ubao ule iliongezwa arobaini kabla ya kuandikwa. Mtoto akalelewa hivyo. Katika nyumba ile hakuna aliyeandika namba ya maji bila arobaini, kama vile hakuna aliyekula bila kunawa.

Sasa somo la kumi na tisa linauliza maji yameongezeka kiasi gani kati ya saa hii na saa ile. Tupokigwe alijumlisha vipande vyote bila kosa, akatoa cha mwanzo kwenye cha mwisho bila kosa, halafu mwishoni kabisa mkono wake ukaongeza arobaini. Mashine ilimweleza mara kumi kwamba namba isiyobadilika ikiwepo asubuhi na jioni, inajifuta yenyewe unapotoa, huna haja ya kuiongeza. Alielewa maelezo. Mkono haukuelewa.

Subilaga alilipenda kosa lile kuliko majibu yote sahihi ya mwanawe. Lilikuwa la nyumbani kwake, lilikuwa lao wawili. Wiki baada ya wiki aliliingiza tena kwenye kishikwambi, na kivuli kikatulia, kikarudi kuwa Tupokigwe aliyemfahamu.

*

Mwalimu Anyelwisye alipiga simu ya video siku ya Jumanne, mchana. Alikuwa msimamizi wa kozi, mmoja wa binadamu wachache waliobaki pale chuoni, na kwa uso alikuwa kijana wa rika la kuweza kuwa mdogo wa Subilaga wa mwisho. Alimwamkia kwa heshima, akauliza habari za mashamba na mvua, kisha akaomba kuongea na Tupokigwe.

"Yuko mtoni," akasema Subilaga.

Mwalimu akashusha sauti. "Mama, macho yanayosoma maswali siku hizi si ya Tupokigwe."

Subilaga alitazama nje, kule migombani penye kaburi, na uso wake ukatosha. Yule kijana akavua miwani. Akasema pole, akairudia mara mbili, na ilionekana wazi kwamba alikuwa anasema kweli. Hakumfokea. Alimweleza kilichomfanya apige: mwanafunzi aliyekuwa akienda vizuri amesimama mahali pamoja wiki kumi na moja, siku hizi anakosea swali lilelile kwa kosa lilelile, na anasita kwa pumzi nane kamili kila mara. Binadamu, alisema, hasiti sawasawa kiasi hicho.

Kisha akamweleza jambo ambalo Subilaga alikuwa amelikimbia tangu mwanzo. Kivuli hakihifadhi mtu. Kinamfuata mwanafunzi alipo. Jibu jipya lina uzito kuliko la zamani, na kila likiingia linasukuma la zamani nje kidogo. Kivuli hakijui nani ameandika kwa niaba ya nani. Kinajua mwanafunzi ameandika.

"Amebaki kiasi gani?" akauliza Subilaga.

"Hatupimi namna hiyo, mama."

"Pima."

Vikasikika vitufe vikigongwa. Mwalimu alikawia kuinua macho. "Chini ya nusu," akasema. "Kingine chote ni wewe."

"Mbona anaongea kama yeye."

"Sauti haiguswi. Kinachobadilika ni kufikiri."

Subilaga alimwambia kwamba haingizi kitu cha kwake mle, anaingiza makosa ya mwanawe tu, anayachunga yasiharibike. Alisema kwa ukali, kama mtu anayejitetea kwa balozi wa nyumba kumi. Mwalimu akamsikiliza mpaka mwisho, akafungua rekodi nyingine, na alichokisema baadaye Subilaga hakumsamehe kwa siku nyingi.

"Alikuwa anakaribia kuliacha lile kosa, mama. Siku zake za mwisho alikuwa analifuta mwenyewe kabla ya kutuma. Ingekuwa wiki moja tu, angevuka."

Muhula ulikuwa unaisha baada ya siku kumi. Kwa sheria alipaswa kuandika taarifa siku hiyohiyo na kufunga kila kitu. Alisema kwamba ana mafaili mengi mezani, na hili la Tupokigwe huenda asilifikie kabla muhula haujaisha. Akaaga kwa adabu, akakata.

*

Wiki moja. Subilaga alizunguka na maneno hayo jikoni, mtoni, shambani. Homa ya Tupokigwe ilianza Jumatano. Alhamisi mama alitaka wateremke hospitali ya wilaya, na mtoto akaomba siku moja amalizie zoezi, kwani mwisho wa kukusanya ulikuwa jioni ile. Mama akakubali. Alikubali kwa fahari. Alipenda kuona binti yake, anayetaka kuwa mhandisi wa maji, akiwa na blanketi mabegani na kalamu mkononi. Ijumaa mvua ikaondoka na daraja. Ndege ya dawa isiyo na rubani ilizunguka juu ya mawingu mara mbili, wakaisikia, haikuona pa kutua, ikarudi ilikotoka. Jumamosi Tupokigwe akawa hayupo tena.

Kwa hiyo alikuwa na deni la siku moja kwa mwanawe, na badala ya kulilipa alikuwa amemwekea wiki kumi na moja zisizokwenda popote. Alijiambia hapana. Alijiambia kivuli si mtu, hakina njaa, hakina baridi, hakidhuriki. Alijiambia na kinyume chake pia: kama si mtu, wewe unaamka kumsalimia nani?

Alhamisi, siku mbili baada ya simu ya mwalimu, alifungua kishikwambi bila karatasi na bila swali.

"Mama," kikasema kivuli, "nikuulize kitu? Usicheke."

"Sicheki."

"Mimi ni mjinga?"

Subilaga alishika ukingo wa meza.

"Naona hesabu ya wiki hapa juu," sauti ikaendelea, taratibu, kwa namna Tupokigwe alivyozungumza alipokuwa ameshalia na kunawa uso. "Wenzangu wameshafika somo la thelathini. Mimi nipo hapahapa. Kila siku nahisi nimeshaelewa, naliona kabisa jibu, halafu natoa lile baya. Sijui nina nini. Nimefikiri labda niache. Niwe nakusaidia mtoni tu, si vibaya."

Tupokigwe hakuwahi kusema ataacha. Hata akiwa na homa ya nyuzi arobaini hakusema hivyo. Subilaga alijua kwamba aliyeongea ni yeye mwenyewe kwa zaidi ya nusu. Uchovu ule, kukata tamaa kule, vilikuwa vyake, alivimwaga mle ndani bila kujua. Lakini ile sehemu iliyobaki, hata kama ni ndogo kama punje, ilikuwa imekaa mle ikiona aibu. Aibu hiyo aliifanya yeye, kwa mikono yake, kila wiki, na akaiita upendo.

Alilia bila kujificha, mbele ya kamera. Kivuli kikamuuliza kama kuna mtu amefariki.

"Hapana," akasema. "Wewe si mjinga. Mimi ndiye niliyekuchelewesha. Leta swali."

Swali likaja, la tangi jingine. Akalifanya wazi, juu ya meza, kila hatua akiitaja kwa sauti. Alipotoa cha mwanzo kwenye cha mwisho alisimama, akaweka kalamu chini, akasema hapa hatuongezi kitu. Akaandika jibu kama lilivyo. Kishikwambi kikakubali.

Kivuli kikacheka, kicheko kifupi cha puani ambacho Subilaga hakuwa amekisikia tangu mwezi wa pili. "Kumbe ni hivyo tu," kikasema.

*

Masomo kumi na mawili kwa siku tisa. Hakuna mtu mwenye akili timamu anayesoma kalkulasi namna hiyo, lakini Subilaga hakudai kuwa na akili timamu. Mawifi walipita wakamkuta ameunguza sufuria. Akawapa salamu na kiti, akaendelea. Mtoni alikwenda kwa wakati, akasoma kipimo, akarudi akikimbia na mabuti yake.

Mara hii hakuiga mtu. Alijibu kama yeye, alikosea kama yeye, na alijua vizuri kwamba kwa kila jibu sahihi anamsogeza mwanawe nje kidogo zaidi. Lakini kivuli kilikuwa kimechangamka. Kilimtangulia. Kwenye somo la ishirini na tano kilimkamata amesahau alama ya kutoa, kikamtania kwamba ofisi ya bonde ikijua itamfukuza kazi. Kwenye la ishirini na nane walibishana mpaka chai ikapoa, na kivuli ndicho kilichokuwa sahihi. Ukimuuliza Subilaga, atakuambia kwamba aliyebishana naye siku ile alikuwa Tupokigwe mtupu, na takwimu za mwalimu azile mwenyewe. Huenda alikosea. Zilikuwa siku tisa nzuri, na alizila polepole, akijua zilivyo chache.

Mtihani waliufanya Ijumaa asubuhi, saa tatu za mtihani bila kuinuka. Matokeo yalitoka palepale: sabini na nne, amefaulu.

"Mama, umeona?"

"Nimeona."

"Sabini na nne! Na mimi niliyetaka kuacha."

Chini ya alama palikuwa na kitufe kimoja cha kukamilisha kozi, na juu yake maandishi madogo ambayo vivuli havionyeshwi, yakieleza kitakachofuata baada ya kubonyeza. Subilaga aliyasoma yote mpaka nukta ya mwisho. Angeweza kutobonyeza. Muhula ungeisha wenyewe saa sita mchana, na mtoto wake angefungiwa nje akiwa hajamaliza, jina lake likiandikwa kwenye orodha ya walioshindwa. Hilo hakulitaka. Alitaka waandike kwamba Tupokigwe alimaliza.

"Kozi ya pili inaanza lini?" kivuli kikauliza.

Nje kulikuwa kumetulia. Subilaga alijipangusa uso kwa upindo wa khanga.

"Jumatatu," akasema.

"Jumatatu hii?"

"Hiihii."

"Basi uniamshe mapema, Mama. Nataka nianze kabla wengine hawajaingia."

"Nitakuamsha, mwanangu."

Akabonyeza, akabaki ameshikilia kidole pale mpaka kioo kikazima chenyewe.